Betri Zilizoanikwa na Dagaa

Marcelina Bernado anashona nguo Musoma mjini, kwenye baraza moja karibu na soko, na mimi nauza vitenge kwenye baraza hiyo hiyo. Jina langu Nyangi, kwetu Nyamuswa. Mteja akinunua kitenge kwangu namsukumia kwake, na akija kwake na kitenge alichonunua kwingine tunamnunia wote wawili. Tumekaa hivyo tangu watoto wetu wako darasa la kwanza. Kwa hiyo nikimsema Marcelina msifikiri namsengenya. Namsema na yeye yupo, anasikia, anacheka.

Jambo la kwanza utakaloliona kwake ni kwamba hana haraka. Fundi mwingine akishona, cherehani inapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Cherehani ya Marcelina inapumua. Anakanyaga, anatulia, anaimba kidogo, anakanyaga tena. Wateja wanakuja wamefura: "Mama Lilian, harusi ni kesho!" Yeye anawaangalia juu ya miwani na kuwaambia, "Kesho bado haijafika, mama. Kaa hapa upate kivuli." Na nguo inaisha jioni hiyo hiyo, sijui kwa uchawi gani, na imenyooka.

Anachoimbaga ni wimbo mmoja tu. Unaitwa "Nisubiri Nyamuswa", wa bendi moja ya zamani ambayo hata watu wa rika letu wengi hawaijui. Kijana anamwambia mchumba wake amsubiri pale Nyamuswa, basi limemharibikia njiani, asije akaondoka na mwingine. Siku ya kwanza kuusikia nilifurahi, nikasema angalau na sisi kwetu tumeimbwa. Furaha yenyewe haikufika ubeti wa pili. Marcelina anauimba mzito, kila neno analivuta, mpaka unajiuliza basi la huyo kijana liliharibika au lilipinduka. Mchumba gani angesubiri hapo? Mimi ningekuwa nimeshaolewa na dereva wa basi lingine!

"Ndivyo ulivyo huo wimbo," ananiambiaga. "Wewe mtu wa ng'ombe utajua nini mambo ya muziki?"

"Na ninyi wa samaki mnajua nini? Samaki mwenyewe hana hata sauti."

Kwao ni Kiriba, kule ziwani. Baba yake, mzee Bernado, alikuwa anavua na kulima mihogo na pamba. Mama yake ni bibi Gaudensia. Walizaa watoto watatu, wawili wa mwanzo wakafa wadogo sana, na Marcelina akaja wa mwisho. Aliyebaki ni yeye peke yake. Mwaka mmoja pamba ilipokubali, mzee alikwenda Bunda akarudi na redio kaseti pamoja na kanda moja, na ndani ya kanda hiyo ulikuwemo wimbo huo. Kila Jumamosi jioni kiti kilitolewa nje, redio ikawekwa juu ya kiti, na mume na mke wakacheza hapo uani mbele ya nyumba yao. Kwanza Marcelina alikuwa mgongoni kwa mama yake. Alipokua kidogo akawa anawaangalia akiwa kwenye mkeka mpaka usingizi unamchukua.

"Wanacheza polepole, Nyangi. Wameshikana. Ungesema wamebeba yai katikati yao."

Alipokuwa mtoto aliamini kwamba mwimbaji wa wimbo ule ni mzee mnene, mgonjwa, amekaa kando ya barabara hajiwezi. Sala ya jioni ikifika mwisho, wazazi wakishawaombea marehemu na wasafiri, yeye alikuwa anaongeza la kwake: "Na yule wa Nyamuswa apate basi." Bibi Gaudensia alikuwa anaitika amina bila kucheka. Mimi nisingeweza.

Redio ile ilikula betri, na betri haikuwa kitu cha kununua ovyo, kwa hiyo zilianikwa. Vijana wa siku hizi mtacheka, lakini sisi tuliokulia vijijini wote tumefanya: betri ikichoka unaing'ata kidogo, unaianika juani, inapata uhai wa nyimbo mbili tatu. Nyamuswa tulizianika juu ya bati. Kwa kina Marcelina zilianikwa ziwani, kwenye mwamba ule ule wa dagaa, na kazi yake ilikuwa kukaa hapo na fimbo afukuze korongo. Korongo walikuwa wanataka dagaa. Yeye alikuwa analinda betri.

"Dagaa wakiliwa, baba alikuwa anasema basi, Mungu atatupa wengine," aliniambia. "Lakini siku niliyodondosha betri majini, ndiyo siku pekee nilimwona amekasirika. Aliingia majini na nguo zake kuitafuta."

Sasa, mwaka huu wazee wale walitimiza miaka hamsini ya ndoa. Padri akapanga misa ya jubilei, watu wa kigango wakaanza kupanga mambo ya mchele na maturubai, na mimi nikadhani Marcelina atachanganyikiwa na gauni la mama yake. Wapi! Asubuhi moja alikaa kwenye cherehani, hakukanyaga, hakuimba.

"Nyangi, mimi nataka wacheze."

"Nani?"

"Baba na mama. Nataka niwaone wanacheza tena."

Ndipo akanieleza. Miaka michache nyuma, bibi Gaudensia aliteleza kwenye mawe ya ziwani akavunjika mguu. Mguu ulipona, ila umekuwa mgumu na anatembelea fimbo. Tangu alipotoka hospitali hajacheza hata mara moja. Redio ilipandishwa juu ya kabati ikafunikwa kitambaa. Sasa kila mmoja anakaa upande wake wa uwanja na wakiongea wanaongea habari ya mihogo.

"Nyumba ile ilikuwa na furaha, Nyangi, tena furaha ya kelele. Sasa nikiingia najikuta nanong'ona, utafikiri kuna msiba. Siku ya jubilei wakikaa tu, wakapigwa picha, wakalishwa keki, wakarudi ndani, basi najua imeisha. Sitawaona tena wakicheza mpaka tunazikana."

Akaanza kulia. Mimi mtu mzima akilia mbele yangu sijui nifanye nini, kwa hiyo nilimfokea anyamaze, wateja wanatuona. Kisha nikamwambia wimbo utapatikana hata kama ni kwenda kuuchimba.

Kanda yenyewe ilishaliwa na redio, utepe wote ukatoka nje ukawa kamba ya kuchezea watoto. Tukaenda kwa Jofrey. Jofrey ana kibanda karibu na stendi, anajaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, na kwenye sherehe anapiga muziki na kuongea kwenye kipaza sauti. Akatuambia tumpe muda. Siku si nyingi akapiga simu, ameupata kwa mtu mmoja wa Bunda anayetunza kanda za zamani. Tuliacha biashara barazani, tukakimbia. Nilikimbia mimi. Marcelina alikuja.

Jofrey akabonyeza. Gitaa likaruka! Ngoma zikaingia mbio mbio, na juu yake kijana mwenye sauti nyembamba anaimba huku unasikia kabisa kwamba anatabasamu. Mguu wangu ulianza kucheza bila kuniuliza. Marcelina alikuwa amesimama wima.

"Zima."

"Mama, si ndio wenyewe?"

"Sio wenyewe. Huyu ni mtoto. Wangu ni mzee. Tena huu mmeukimbiza."

"Sikiliza maneno, mama. Nisubiri Nyamuswa, basi limehari—"

"Maneno wameiba! Unataka kunifundisha wimbo wa baba yangu? Nimeusikia kabla sijajua kuongea!"

Jofrey akaniangalia mimi, akidhani nitamsaidia. Masikini, hakujua tunavyokaaga pale barazani. Nilimwambia mambo yake ya utapeli akawafanyie wageni, tukawa tunapiga kelele watu wawili, na wa vibanda vya jirani wakaja kuangalia nani ameibiwa simu. Jofrey akangoja tuchoke. Halafu akauliza taratibu:

"Redio ya nyumbani ilikuwa ya umeme?"

"Umeme Kiriba miaka ile? Utakuwa unaumwa. Ilikuwa ya betri."

"Betri mpya?"



Mimi ndiye niliyeelewa wa kwanza, na nilicheka mpaka nikakaa kwenye ndoo ya Jofrey. "Mama Lilian! Maisha yako yote umekuwa unatuimbia betri zilizokwisha!"

Alinitazama kwa hasira, nikajua leo ananipiga. Kisha mdomo ukaanza kumcheza. "Yaani yule mzee niliyekuwa namwombea..."

"Ni kijana, tena mzima! Alikuwa na haraka ya kufika kwa mchumba, ninyi mkamkalia na betri zenu za kuanikwa na dagaa."

Tulicheka wote watatu na wale waliokuja kuangalia mwizi. Lakini msidhani Marcelina alikubali. Alijifuta macho, akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Sawa, ni betri. Lakini wazazi wangu walicheza ule wa betri, huo wa mbio hawaujui. Jofrey, hebu uchoshe."

"Niuchoshe?"

"Mpaka niseme basi."

Jofrey akaanza kuupunguza mwendo kidogo kidogo. Yule kijana sauti ikamshuka, akanenepa, akazeeka. Gitaa likawa zito, kila uzi unausikia peke yake. Marcelina alifumba macho, na mkono wake mmoja ukaenda nyuma, ukashika mgongo wake mwenyewe, utafikiri kuna mtoto amembeba. "Hapo," akasema. "Hapo hapo, usiguse tena." Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nikaona uzuri wa wimbo ule. Sikumwambia, maana angenikumbusha mpaka mwaka kesho.

Siku ikafika. Misa ilijaa mpaka nje. Mzee Bernado alivaa suti, bibi Gaudensia alivaa gauni la kitenge changu mwenyewe, lile la maua ya bluu, na Marcelina alikuwa amelishona mapema kwa mara ya kwanza katika historia ya baraza letu. Baadaye tukakaa chini ya maturubai pale uani kwao. Watu wakala sato wa ziwani na pilau, wakashiba. Keki ikakatwa, wazee wakalishana. Marcelina hakula kitu. Alikuwa amesimama karibu na spika za Jofrey, vidole amevishikanisha, ananitupia macho kila dakika.

Jofrey akatangaza kwamba mtoto wa pekee wa maharusi ana zawadi yake, na watu wawapishe nafasi. Akauweka wimbo, ule uliochoshwa.

Vijana waliangalia spika, wakadhani mashine imeharibika. Mzee Bernado akainua kichwa. Bibi Gaudensia akaweka kiganja mdomoni. Wakageukiana, wakaangaliana muda mrefu, na mimi nikasema moyoni, haya sasa, inukeni. Ubeti wa kwanza ukapita. Hawakuinuka. Mzee akachukua mkono wa mkewe akauweka juu ya goti lake, wakabaki wamekaa. Ubeti wa pili nao ukaingia. Bibi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, lakini kiti hakukiacha.

Marcelina akaja mpaka ubavuni kwangu. "Hawasimami, Nyangi," akasema. "Umeona? Hawasimami."

 Mimi sina subira. Nilivuka uwanja mbele ya padri na watu wote, nikapiga goti pale mezani.

"Shikamoo mama. Nisamehe, mimi si mtoto wa hapa, lakini mwanenu amehangaika Musoma mpaka Bunda kwa ajili ya wimbo huu. Mbona mmekaa? Ni mguu?"

"Marahaba mwanangu. Mguu hauna neno," akasema bibi Gaudensia. "Ila huu tutauchezaje? Huu ni wa kumlaza mtoto."

"Mtoto gani, mama?"

"Si huyo hapo!" Akamwonyesha Marcelina kwa fimbo yake.

Jofrey akazima. Marcelina akaja, akakaa chini miguuni kwa mama yake, na hata wale waliokuwa wanagombania soda wakasogea kusikiliza.

"Wewe ulikuwa hulali, Marcelina," mama yake akamwambia. "Ulikuwa mgonjwa, mdogo kama kifaranga, unalia usiku na mchana. Wenzako wawili tulishawazika. Wewe tulikuwa tunakuangalia tu, hatujui kama tutakupata. Jumamosi moja baba yako akasema, leo tucheze, hata kama ni kucheza tukilia, tucheze. Tukaweka wimbo wetu. Wewe uko mgongoni, unapiga mayowe. Katikati ya wimbo betri zikachoka. Wimbo ukawa mzito, na sisi tukapunguza mwendo. Ukanyamaza. Ukalala mpaka asubuhi."

"Mpaka asubuhi," akasema mzee Bernado. "Nilikuwa nakuja kusikiliza kama unapumua."

"Tangu hapo baba yako hakukubali betri zile zitupwe. Zikitaka kufa anakwenda kuzianika. Alitaka zisipone sana na zisife. Hata ulipoanza shule hukulala bila hizo. Za dukani tulikuwa nazo, kwenye kopo, uvunguni mwa kitanda. Ukishalala tunabadilisha."

Marcelina alikuwa anamtazama mmoja, anamtazama mwingine. "Mnabadilisha mnafanya nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

Wazee wakaangaliana, wakaangua kicheko, bibi akaficha uso kwenye bega la mumewe kwa aibu.

"Tunacheza wa kwetu," akasema mzee Bernado. Akasimama, akavua koti la suti, akalitundika kwenye kiti. "Jofrey! Weka betri mpya!"

Gitaa likaruka. Bibi Gaudensia alinipa fimbo yake bila hata kuniangalia. Mguu ule mgumu aliuchomeka chini ukabaki hapo hapo, na yeye akawa anauzunguka, mabega yanatetemeka, kiuno kinaitika, mtu wa miaka sabini na kitu! Mzee anamwendea, anajifanya amekata tamaa, anageuka aondoke, anaitwa kwa kidole, anarudi mbio. Kuna mahali kwenye wimbo ngoma inakata kidogo, na pale wote wawili walipiga kofi moja kwa pamoja bila kuangaliana. Hayo mambo hayakuanza siku ile. Vigelegele vilisikika mpaka kwenye mitumbwi. Padri naye alikuwa amesimama anapiga makofi, na wale vijana wenye simu hawakujua wamrekodi nani kwanza.

Nilimvuta Marcelina mkono. "Ingia! Si ulitaka wacheze? Ingia ucheze nao!"

"Niache, Nyangi," akasema. "Niache nione."

Hakuinuka. Alikaa pale pale vumbini na gauni lake jipya, machozi yanamtoka na meno yote yako nje, maana Jumamosi zote zile za utoto wake, wakati wazazi wake wanacheza hivi, yeye alikuwaga ndani amelala. Wimbo ulipoisha alimwinulia Jofrey mkono aurudie, huo huo wa mbio.